Matuta ya Bustani ya Matofali ya Saruji Dodoma: Tathmini Baada ya Miezi 18

Tangu Agosti mwaka juzi ninapanda mboga ndani ya matuta mawili yaliyozungushiwa matofali ya saruji, nyumbani kwangu Iyumbu, na tathmini hii inahusu vitu vitatu nilivyovilipia: matofali yenyewe kutoka viwanda viwili vya mtaani, kazi ya fundi aliyeyapanga, pamoja na udongo na samadi vilivyotumika kuyajaza. Viwanda hivyo sitavitaja, kwa sababu kimoja kiliniudhi na sitaki msomaji akikisie kwa kukilinganisha na kile kilichonitendea vizuri.

Nieleze kwanza kwa nini niliamua kuinua bustani katika mji ambao tatizo lake kubwa ni ukame. Kiwanja changu kina tabaka jembamba la udongo mwekundu wa kichanga, na chini yake, kina cha kiganja kimoja tu, kuna tabaka gumu ambalo wakati wa kiangazi jembe huligonga na kudunda. Hali hii si ngeni kwa watu wa kanda ya kati. Kule Kongwa, Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, ardhi iliyokauka na kugeuka kama sakafu ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowashinda, mashine zao zikaharibika, na mwaka 1951 wakauacha. Mimi sina trekta wala fedha za serikali ya kikoloni; nina jembe, sululu na mgongo unaouma, hivyo nilifikiri ni rahisi zaidi kuuleta udongo mzuri juu kuliko kuutafuta chini.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo ambaye amelima hapa tangu Iyumbu ikiwa pori, alikuja kutazama siku ya kwanza matofali yalipopangwa. Nilimwamkia, akaitika, kisha akazunguka ule mstatili mara mbili kimya kimya.

"Mwanangu, hili kaburi ni la nani?"

"Si kaburi, baba. Ni bustani ya mboga."

"Basi umegeuza mambo. Sisi hupanda mahali maji yanapokaa, wewe unapanda mahali yanapotoka."

Nilicheka, lakini ilinichukua mwaka mzima kuona kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa sahihi, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu hiyo nusu.

Nianze na matofali. Picha nyingi za matuta ya aina hii zinazosambaa mtandaoni zinatoka Marekani, ambako tofali la kawaida lina matundu mawili makubwa na vipimo vya inchi 16 kwa 8 kwa 8. Hapa kwetu tofali linalopatikana kila mtaa ni lile lisilo na tundu, la inchi 18 kwa 9 kwa 6, yaani takribani sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15, na lina uzito wa kilo 30 hivi. Yenye matundu yapo, ila ni lazima uyatafute. Niliamua kujaribu yote mawili: tuta la kwanza nilijenga kwa matofali yasiyo na tundu kwa shilingi 1,500 kila moja, na la pili kwa yenye matundu ya vipimo vilevile kwa shilingi 1,600. Nilinunua 40 ya kila aina ingawa hesabu ilihitaji 36, na ziada hiyo ilikuwa ndogo mno kwa yale yaliyonipata.

Kiwanda kilichoniuzia yasiyo na tundu kiliniahidi kwamba matofali yamekaa wiki mbili na yamemwagiliwa maji kila siku. Yalipofika, na saidia wa dereva alipoanza kuyashusha kutoka kwenye Canter, la kwanza lilimeguka kona mikononi mwake. Nilichukua msumari nikakwaruza ubavu wa jingine, ukaingia kama unaingia kwenye biskuti, na mchanga ukamwagika miguuni pangu. Ukigonga tofali lililokomaa kwa nyundo ndogo hulia kama chungu kizima; haya yalitoa sauti ya kitu kilicholowa. Kati ya 40, 11 yalivunjika kabla hayajafika ukutani. Nilipompigia simu muuzaji alisema kwamba mali ikishatoka kiwandani ni ya mteja, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo. Nililazimika kununua saba mengine mahali pengine kwa shilingi 10,500 na kulipa guta shilingi 10,000 kuyaleta.

Jambo la kujifunza kwa mnunuzi hapa ni dogo na halina gharama: nenda kiwandani mwenyewe, uliza mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa matofali mangapi, kisha tazama kama kuna pipa la maji na mpira wa kumwagilia na kama ardhi inayozunguka matofali ina unyevu. Fundi wangu anasema kwamba mfuko ukitoa 30 hadi 35 ya inchi sita huna haja ya kuwa na wasiwasi, na ukisikia 50 uondoke bila kuaga. Saruji hupata nguvu zake kwa kukaa na maji, si kwa kukauka, na kwa jua la Dodoma tofali lisilomwagiliwa kwa siku saba za mwanzo hukauka likiwa bado bichi ndani. Kwa bustani hauhitaji tofali la kubeba ghorofa, hilo ni kweli, lakini unahitaji tofali ambalo litalowana kila siku kwa miaka kumi bila kurudi kuwa mchanga.

Yale yenye matundu yalikuwa bora kwa kila kipimo. Kingo zake zilikuwa kali, hakuna hata moja lililovunjika, na uzito wake mdogo ulimwezesha binti yangu wa kidato cha pili kusaidia kuyabeba. Nimeulizwa mara kadhaa kama saruji ina sumu kwa mboga, na chanzo cha hofu hiyo nadhani ni maonyo ya Wamarekani kuhusu matofali yao ya zamani yaliyochanganywa na majivu ya makaa ya mawe. Niliyoyanunua mimi niliyaona yakifyatuliwa, na ndani yake hamna zaidi ya saruji, mchanga na maji. Kinachostahili kuangaliwa ni chokaa iliyomo ndani ya saruji mpya, ambayo hutoka kidogo kidogo kila ukimwagilia na kuufanya udongo wa pembezoni uwe na ukali wa magadi, na dalili zake niliziona kwa macho: pilipili hoho zilizokuwa karibu na ukuta wa tuta la pili zilitoa majani ya njano yenye mishipa ya kijani, wakati zile za katikati zilikuwa za kijani kizito. Katika tuta la kwanza, ambalo nilikuwa nimelitandika nailoni nyeusi nzito upande wa ndani wa kuta, ile inayotandikwa chini ya sakafu za nyumba, hali hiyo haikutokea. Msimu wa pili, baada ya mvua kuyaosha matofali na mimi kuingiza nailoni, njano ile haikurudi.

Sasa kazi ya fundi. Nilimlipa shilingi 30,000 yeye na saidia wake kwa siku moja, na kwa upande wa kupanga sina malalamiko. Kila kozi, yaani safu moja ya matofali kuzunguka tuta zima, ina matofali 18: sita kila upande mrefu na matatu kila upande mfupi, yakipangwa ili kila ukuta uanzie kwenye kona moja na kuishia ubavuni mwa ukuta unaofuata, kama watu wanne waliofuatana wakizunguka meza. Kozi ya pili mzunguko hugeuzwa, na kwa kugeuza huko tu viungo vya juu husogea sentimita 15 kutoka vya chini, hivyo hapahitajiki kukata tofali hata moja. Ndani unapata nafasi ya sentimita 255 kwa 120, na upana huo si wa kubahatisha, kwa kuwa ukisimama upande wowote mkono unafika katikati bila kukanyaga udongo. Kozi ya kwanza ilizamishwa ardhini sentimita 10 ndani ya mtaro uliosawazishwa kwa uzi na pima maji, na hatukutumia udongo wa saruji kwenye viungo. Fundi alisikitika kidogo kwa hilo, kwa sababu mafundi wetu hawapendi kuacha kazi "isiyofungwa," lakini ukuta mfupi wa matofali ya kilo 30 unasimama kwa uzito wake, na ardhi ikinyanyuka au kushuka matofali husogea bila kupasuka.

Tulipishana kuhusu sakafu. Alikuwa ameshaagiza kokoto.

"Mama, bila zege chini, maji yako yote yatapotelea ardhini."

"Fundi, ndiko ninakotaka yaende. Mizizi itayafuata."

"Basi tuweke hata kokoto, yachuje."

Nilikataa vyote viwili, na bado ninaamini nilikuwa sahihi. Tuta lenye sakafu ya zege ni tanki: wakati wa masika mizizi huoza, na wakati wa kiangazi chumvi ya maji ya kisima hujikusanya humo bila pa kutokea. Kokoto nazo hazisaidii kama watu wanavyodhani, kwa kuwa maji hukawia kushuka kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mianya mikubwa, hivyo udongo wa juu yake hubaki umelowa kupita kiasi. Badala yake tulimwaga maji usiku kucha juu ya lile tabaka gumu, na asubuhi tukalivunja kwa sululu hadi kina cha futi moja. Kazi hiyo ndiyo iliyochosha kuliko zote na ndiyo ambayo ningeirudia bila kufikiri mara mbili.

Kujaza ni sehemu ambayo gharama humshtukiza mtu. Kila tuta, kwa sentimita 35 zilizobaki juu ya ardhi, linameza zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, na kwa toroli langu hilo ni matoroli 18. Nilichanganya matoroli tisa ya udongo wa juu, sita ya samadi na matatu ya maganda ya mpunga niliyoyapata bure mashineni Bahi nilipopita huko kwa shughuli nyingine. Udongo ulikuja kwa tripu moja ya shilingi 60,000 na ulikuwa mzuri. Samadi nilinunua viroba 14 kwa shilingi 2,500 kila kimoja kutoka kwa mfugaji wa upande wa Msalato, na ninaipa alama za juu kabisa, kwa sababu ilitoka chini kabisa ya zizi la zamani: nyeusi, baridi mkononi, haina harufu, na ukiifinya inashikana kisha inaachia. Samadi mbichi ya juu ya zizi ingeunguza miche na kuniletea kila aina ya magugu ambayo mbuzi wa Dodoma amewahi kula.

Katika tuta la pili nilifuata ushauri niliousoma wa kuweka magogo makavu na mabua ya mtama chini ili kupunguza gharama ya udongo. Katika nchi za baridi na mvua ushauri huo una mantiki, maana gogo huoza polepole na kutunza maji kama sifongo. Hapa mchwa walifika kabla ya maji. Mwezi Machi uso wa tuta ulizama ghafla upande mmoja kiasi cha kiganja, nyanya mbili zikalala, na nilipochimba nilikuta mahali pa gogo pamebaki bomba la udongo mwekundu uliofinyangwa vizuri, tupu ndani, kana kwamba mtu alimimina gogo la udongo. Hapo hapo nilijipongeza kwa kutojenga kuta za mbao, jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria mwanzoni kwa kuwa mabanzi yalikuwa rahisi. Saruji mchwa hawaili, na kwa mji huu nadhani hiyo ni sifa yake kubwa kuliko nguvu.

Turudi kwa mzee jirani na maji yake. Mwanzoni nilijaza tuta la kwanza hadi ukingoni, kwa sababu hivyo ndivyo linavyopendeza pichani. Kuanzia Septemba upepo wa Dodoma ulipita juu yake kama juu ya meza. Maji niliyomwaga yalikimbilia pembeni na kushuka ukutani, uso ukatengeneza ganda, na mwezi Oktoba nilikuwa ninatumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku kwa tuta moja, na bado mchicha ulilegea ifikapo saa nane mchana. Ukuta wa magharibi ulipata joto kiasi kwamba saa tisa alasiri sikuweza kuushika. Kwa mji unaopata mvua kati ya Desemba na Aprili tu, na ambao jua lake huvukiza maji mengi kuliko mvua inayoyaleta, nilikuwa nimejijengea kikaushio.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa akili yangu. Samadi na maganda viliendelea kuoza, mvua zikashindilia, na kufikia Mei udongo ulikuwa umeshuka sentimita nane chini ya ukingo. Nilitaka kuongeza udongo, lakini fedha hazikuwepo. Oktoba iliyofuata, nikiwa nimefunika uso kwa maganda ya karanga na kupaka kuta chokaa nyeupe kwa nje ili zirudishe jua, ndoo moja na jagi vilitosha kwa siku, na mchicha ulisimama hadi jioni. Ukingo ule wa sentimita nane ulikuwa unakinga miche dhidi ya upepo na kuzuia maji yasitoke. Kwa nje tuta limeinuka, kwa ndani limekuwa shimo, na mzee alipoliona safari hii hakuuliza habari za kaburi. Mara nyingi nimewaona watu hapa mjini wakiongeza udongo kila tuta linaposhuka. Wangeacha.

Kuhusu uimara, mvua kubwa za Januari mwaka jana zilipitisha maji mekundu uwanja mzima na kufuta safu zangu za bamia zilizokuwa ardhini, lakini matuta yote mawili yalibaki. Lile la matofali yasiyo na tundu halikusogea hata kidogo. La yenye matundu lilitokeza tumbo la vidole vitatu katikati ya upande mrefu, kwa sababu uzito wake ni mdogo. Dawa yake ilikuwa rahisi na ilitokana na matundu yenyewe: tulirudisha ukuta, tukapigilia nondo tatu kupitia kwenye matundu hadi ardhini, tukayajaza zege matundu hayo, na tangu hapo limetulia. Matundu mengine nilijaribu kuyapandia giligilani na mnanaa, kama picha za Wamarekani zinavyoonyesha, ila udongo mchache kiasi hicho, uliozungukwa na saruji ya moto, ulikauka kabla sijarudi kutoka kazini. Sasa yana mawe, isipokuwa mawili ya kona nilikochomeka fito za kushikia nyavu. Nyavu ni lazima. Kuku wa mtaa huona udongo laini kama bafu lao, na mbuzi mmoja aliuchukulia ukuta wa sentimita 35 kuwa ngazi aliyojengewa yeye.

Gharama zote, pamoja na nailoni ya shilingi 25,000 na usafiri wa safari mbili za kwanza za shilingi 70,000, zilifika shilingi 364,500 kwa matuta mawili. Kwa fedha hizo mtu angenunua mchicha na chainizi soko la Sabasaba kwa muda mrefu sana, na anayetafuta faida ya haraka ninamshauri achimbe jaruba ardhini, alitie samadi na kulifunika nyasi. Anayepaswa kulipa gharama hii ni mwenye ardhi ngumu kama yangu, mwenye mgongo au magoti mabovu, au mpangaji anayejua kwamba siku akihama atayabeba matofali yake. Kwa mtu mwenye umri mkubwa ningeongeza kozi ya tatu, kwa kuwa ukuta wa sentimita 57 juu ya ardhi wenye unene wa sentimita 15 ni kiti kinachotosha kupalilia ukiwa umekaa.

Tuta la tatu nimeamua liwe la kozi moja tu, matofali 18 yasiyo na tundu yaliyozamishwa nusu, na udongo wa ndani uchimbwe chini ya usawa wa uwanja. Nimeyaagiza kwenye kile kiwanda cha yenye matundu, ambacho kumbe hufyatua na haya pia. Yalifyatuliwa Jumamosi iliyopita nikiwa nimesimama pale pale, nikaandika tarehe kwa chaki kwenye matatu ya pembeni, na nimewaomba wasiyalete kabla siku 28 hazijatimia.